Mmeuliza jikoni: mgonjwa wa figo ale soya au aachane nayo?

Toleo lililopita niligusia soya mstari mmoja tu kwenye makala ya uji wa watoto, nikasema mwenye tatizo la figo aulize kwanza kabla hajaanza kuutumia. Simu ikajaa meseji. Moshi na Arusha inaonekana kila nyumba ina mtu wa presha au sukari, na kila mtu ana shangazi aliyemletea mfuko wa unga wa lishe. Nimechagua zinazofanana, majina nimeyatoa.

Shikamoo mama. Baba yangu ana miaka 68, kilo 70, ana presha na sukari muda mrefu, na sasa wametuambia figo ziko hatua ya tatu, eGFR (kipimo cha uwezo wa figo kuchuja damu) 38, potasiamu 5.4. Daktari kasema apunguze protini. Shangazi katoka Machame na ndoo ya unga wa lishe una soya, karanga, ulezi, mahindi na ngano, anasema soya inasafisha figo. Jirani naye anasema soya ni protini tupu itamuua. Asubuhi mzee anakunywa uji huo wa maziwa na yai moja, mchana ugali maharage na nyama, jioni mtori. Nyumbani ni ugomvi, nifuate nani? — Binti, Majengo, Moshi

Marahaba mwanangu. Usimfuate hata mmoja kati ya hao wawili, ila shangazi usimnunie, ndoo ya unga kutoka Machame sio kitu kidogo.

Tuanze na shangazi. Soya haisafishi figo, hakuna chakula kinachosafisha figo, figo ndo zinasafisha. Najua hayo maneno yanatoka wapi, soya imesifiwa sana duniani, hata Marekani mwaka 1999 mamlaka yao ya chakula na dawa iliruhusu makampuni yaandike kwenye pakiti kwamba protini ya soya inasaidia moyo, alafu 2017 mamlaka hiyo hiyo ikapendekeza ruhusa iondolewe maana ushahidi ulikuwa hauendi upande mmoja. Ni chakula kizuri tu, basi.

Jirani naye kachukua nusu ya habari. Ni kweli soya ina protini nyingi kuliko maharage yetu ya kawaida, soya kavu gramu 100 ina kama gramu 36, na ikishachemshwa nusu kikombe ni kama gramu 15 wakati maharage nusu kikombe ni 7 au 8. Lakini protini ya mmea figo zinaibeba kwa unafuu kuliko ya nyama, haiachi asidi nyingi mwilini, na kuna tafiti kadhaa ndogo zilizoonyesha wagonjwa wa sukari wenye figo wakila soya mahali pa nyama, protini inayovuja kwenye mkojo inapungua. Mwongozo wa KDIGO wa 2024, hawa ni jopo la kimataifa la madaktari wa figo, unawaambia wagonjwa wa figo wale zaidi vyakula vya mimea kuliko vya wanyama. Kwa hiyo soya kumuua mzee, hapana.

Shida yenu iko kwenye hesabu ya siku nzima. Mwongozo huo huo unasema mtu wa hatua ya tatu mpaka ya tano ambaye hajaanza kusafishwa damu akae kwenye gramu 0.8 za protini kwa kila kilo ya uzito. Mzee wa kilo 70 ni gramu 56 kwa siku. Sasa chukua karatasi tuandike: unga wa lishe kikombe kimoja cha uji, ukiwa na soya robo yake, unatoa kama gramu 8. Maziwa glasi moja 8. Yai 6. Ugali wa mchana kama 12 maana hata unga wa mahindi una protini watu wanasahau. Maharage nusu kikombe 8. Nyama kipande cha saizi ya kiganja bila vidole, 22 hivi. Hapo umefika 64 na mzee hata mtori wa jioni hajagusa, na mtori wa kwetu huwa haupikwi bila nyama ya mifupa.

Umeona sasa, kwenye 64 hizo soya yenyewe haizidi 5. Jirani anapigana na gramu 5 akati gramu 22 ziko kwenye sahani ya mchana. Mimi sheria yangu moja ni hii: soya iingie badala ya nyama, isiingie juu ya nyama. Mkipika soya mchana, nusu kikombe, basi siku hiyo hakuna nyama na hakuna maharage, na mtori wa jioni uwe na ndizi na karoti na mafuta kidogo, nyama ya kunusia tu. Mtakuta mmeshuka bila mtu kulala njaa, na kulala njaa ndo kitu sitaki kabisa, nimeona wazee wameambiwa "punguza protini" wakaacha kula, wakabaki mifupa.

Ila wewe una namba nyingine inayonitia wasiwasi zaidi ya protini, ni hiyo potasiamu ya 5.4, madini yaliyomo kwenye damu. Ya kawaida ni 3.5 mpaka 5.0. Ikipanda sana inavuruga mapigo ya moyo, na haitoi taarifa. Nusu kikombe cha soya iliyochemshwa ina kama miligramu 440 za potasiamu, sawa na ndizi mbivu moja. Sio nyingi ya kutisha, lakini unga ni habari nyingine, maana soya ya kuchemsha unaweza kumwaga maji na potasiamu ikaondoka na maji, unga unaumwaga wapi? Kila kilichokuwa kwenye punje kiko kwenye kikombe, na juu yake kuna karanga na maziwa, navyo vina potasiamu yao. Kwa hiyo kwa sasa, mpaka damu ipimwe tena ishuke, uji wa mzee uwe wa ulezi au mahindi mtupu, sukari usiweke. Ndoo ya shangazi wanywe wajukuu.

Alafu angalia vinavyopita pembeni bila kuhesabiwa. Parachichi za Moshi hizi kubwa, nusu yake tu inakaribia miligramu 500. Ndizi mbivu za kushushia. Mtori wenyewe, ndizi zinachemshwa na maji yale yale yanasagwa ndani. Chemsheni ndizi peke yake kwanza zikiwa zimekatwa vipande vidogo, mwagieni mbali yale maji, ndo muanze mtori na maji mapya. Ladha inapungua, sikudanganyi, kitunguu saumu na karoti na hoho vitasaidia. Na kama anatumia losartani au enalaprili kwa ajili ya presha, hizo nazo zinapandisha potasiamu kidogo, ila asiache dawa mwenyewe, zinalinda figo zake, mwambieni daktari namba ya damu na aamue yeye. Kinachotakiwa kuachwa bila kuuliza mtu ni diklofenaki za maumivu ya magoti zinazonunuliwa dukani bila cheti na zile chupa za dawa za kienyeji zisizo na lebo.

Mkienda kliniki, iwe KCMC au Mawenzi au popote, ombeni kuonana na afisa lishe sio daktari peke yake, na muende na karatasi ya vipimo. Bila karatasi atawapa ushauri wa jumla kama huu wangu.

Mama habari za leo, mimi soya naipikaga na magadi iive haraka kama kande, la sivyo inamaliza gesi yote. Mume wangu kaambiwa figo zimeanza kuchoka. Je ni sawa? — Mama wa Kibosho

Si sawa, mama. Magadi ni sodiamu, familia moja na chumvi, na mgonjwa wa figo anatakiwa kukaa chini ya gramu 2 za sodiamu kwa siku ambayo ni kama kijiko kimoja cha chai cha chumvi, yote, pamoja na iliyojificha kwenye mkate na supu. Magadi huku kwetu pia yana madini ya floraidi, yale yale yanayowafanya watu wa pande za Meru wawe na meno ya kahawia. Mtu mwenye figo nzima anaitoa floraidi kwa mkojo, mwenye figo zilizochoka inabaki mwilini na kukaa kwenye mifupa. Kama na maji mnayokunywa yana floraidi nyingi, na Arusha maeneo mengi ni hivyo mpaka serikali ikaweka kituo cha utafiti pale Ngurdoto cha kuchuja maji kwa mkaa wa mifupa, basi mnaongeza mzigo juu ya mzigo. Tafuteni maji yaliyopimwa.

Sasa kupika. Loweka soya usiku kucha kwenye maji mengi, asubuhi mwaga, suuza, utaona maganda yanaanza kuachia, yasugue kwa viganja yaelee uyatoe. Weka maji mapya mengi, mara tatu ya soya, chemsha dakika 20 hivi, mwaga hayo maji nayo. Weka maji mengine ya moto uendelee mpaka ukibonyeza punje kati ya vidole viwili inapondeka bila kukataa. Sufuria ya kawaida itakula saa mbili au zaidi, soya ni ngumu kweli, presha kuka itakuokoa, dakika 40 na ushee. Kulowesha peke yake hakutoshi kutoa potasiamu, kinachoitoa vizuri ni kuchemsha kwenye maji mengi na kumwaga. Mchuzi wa soya ya mgonjwa haunywewi wala hautumiki kupikia wali.

Na iive, jamani. Soya mbichi au nusu mbichi ina vitu vinavyozuia tumbo kuvunja protini, unakula unajaa gesi na kuharisha alafu unasema soya imekukataa. Hata wanaosaga unga wasipeleke mashine soya iliyotoka gunia moja kwa moja. Ichemshwe nusu saa, maji yamwagwe, imenywe, ianikwe mpaka ikauke kabisa, ikaangwe kidogo, ndo isagwe. Nimeshuhudia kwenye mashine moja mjini hapa mtu anachanganya soya mbichi na mahindi anasaga anasema ni lishe ya mtoto. Sijui nani kamfundisha.

Habari dada, mume wangu anasafishwa damu mara 3 kwa wiki, kilo 60. Kabla ya hapo walituambia protini kidogo sana, tukaacha nyama, mayai, maharage, kila kitu. Sasa amekonda mpaka nguo zinamdondoka. Mtu kaniambia nimpe soya kwa kuwa sio nyama. Nimpe? — Mke, Ngaramtoni, Arusha

Pole sana mdogo wangu, na hili swali lingekuja mapema ningelijibu la kwanza, maana nyumba nyingi zinaumia hapa.

Sheria imegeuka. Kabla ya mashine ya kusafisha damu protini inabanwa, baada ya kuanza mashine protini inaongezwa, kwa sababu kila anaposafishwa kuna protini inatoka pamoja na uchafu. Mgonjwa anayesafishwa anatakiwa apate gramu 1.0 mpaka 1.2 kwa kila kilo, yaani mumeo anahitaji 60 mpaka 72 kwa siku. Kama bado mnakula ule mlo wa zamani hatoki hapo alipo, na kukonda kwa mtu wa mashine ni hatari kuliko watu wanavyodhani. Mrudishie mayai, hasa ute mweupe ambao una protini na fosforasi kidogo sana, kuku, samaki kipande, na ndiyo, soya pia.

Ila kwake mambo mawili yanabana zaidi, potasiamu na fosforasi, maana kati ya siku ya mashine na siku nyingine hazina pa kutokea, na ile wikiendi ndefu ndo mbaya zaidi. Soya nzima nusu kikombe ina fosforasi kama miligramu 210. Hapa kuna jambo zuri watu hawaambiwi: fosforasi ya mimea imefungwa ndani ya punje kwa namna ambayo tumbo la binadamu halina kifaa cha kuifungua yote, kwa hiyo inayonyonywa huwa chini ya nusu. Ya nyama na maziwa inaingia zaidi. Na ile inayowekwa kiwandani kwenye soseji, soda nyeusi, jibini za kupaka na baadhi ya maziwa ya soya ya boksi, hiyo inaingia karibu yote. Geuza boksi usome nyuma, ukiona neno lenye "fosfeti" au namba E338 mpaka E341, au E450 mpaka E452, rudisha kwenye shelfu. Kama kapewa vidonge vya kalsiamu vya kufunga fosforasi, avitafune pamoja na chakula, katikati ya mlo. Akivimeza saa mbili baadae havina kazi, fosforasi imeshapita.

Kwa mumeo mimi ningechagua tofu, ile jibini ya soya. Gramu 100 za soya nzima iliyochemshwa zina potasiamu zaidi ya miligramu 500, tofu gramu hizo hizo mara nyingi iko chini ya 250 kwa sababu wakati wa kuikamua maji yanaondoka nayo. Supamaketi za Arusha utaipata ila bei wanajua wenyewe, tengeneza nyumbani. Soya kilo nusu ya soko la Kilombero ilowekwe usiku, imenywe, isagwe kwenye blenda na maji mengi, chuja kwa kitambaa safi cha kanga ya zamani ukamue kwa nguvu. Yale maziwa yabandike kwenye sufuria kubwa kuliko unavyofikiri inatosha maana yakichemka yanafura na kupanda ghafla, simama hapo hapo na mwiko, simu iache sebuleni. Yachemke dakika 10 mpaka 15 mpaka ile harufu ya ubichi iishe. Epua, subiri kidogo, mimina maji ya ndimu kijiko kijiko huku unakoroga taratibu kuelekea upande mmoja, utaona yanakatika, mabonge meupe huku na maji ya njano huku. Mimina kwenye kitambaa, funga, weka sahani na kitu kizito juu saa moja. Maji ya njano mwaga. Kata vipande, kaanga na kitunguu, nyanya kidogo tu maana nyanya nayo ina potasiamu, binzari, tangawizi. Chumvi usiguse.

Hizi nyama za soya za pakiti, zile kavu za vipande, nazo zinafaa, zikiwa kavu karibu nusu yake ni protini. Zimwagie maji ya moto, zikishavimba zikamue kwa mikono, mwaga maji, rudia tena, ndo uzipike. Zile zenye pakiti ndogo ya kiungo ndani, hicho kiungo kitupe, ni chumvi.

Na usisahau kwamba uji na maziwa ya soya ni maji. Kama kapangiwa maji kidogo kwa siku, kikombe cha uji kinahesabiwa humo humo. Mpeleke kwa afisa lishe wa hapo hapo anaposafishiwa, mwambie kilo alizopoteza, asiondoke bila kupewa mpango mpya.

Mama, mzee wangu kagoma kula soya anasema itampunguzia nguvu za kiume na ataota maziwa. Nimwambieje? — Bomang'ombe

Mwambie aonyeshe mwanaume mmoja. Soya ina isoflavoni, vitu vya mmea vinavyofanana kwa mbali na homoni ya kike, ndo chanzo cha maneno. Wanaume waliopimwa kwenye tafiti nyingi homoni yao ya kiume haikushuka kwa kula soya kwa kiasi cha kawaida cha chakula. Kama ana figo na presha na sukari, hivyo vitatu ndo vinavyochukua nguvu za kiume. Mwambie hivyo akiwa ameshiba.

Mambo vipi mama, mimi sina ugonjwa wa figo ila nilitolewa vijiwe mwaka jana, wakasema ni vya kalsiamu oksaleti. Mimi ni mlokole wa soya, asubuhi kahawa ya soya, mchana soya, nikaacha na maziwa maana vijiwe ni kalsiamu. Niko sawa? — Usa River

Karibu kila kitu umekigeuza juu chini kijana wangu, ila ni rahisi kurekebisha.

Soya ina oksaleti nyingi, kitu cha asili kilichomo kwenye mimea, ipo kundi moja na mchicha na spinachi na karanga, kwa hiyo wewe mwenye vijiwe vya aina hiyo una sababu ya kuipunguza kuliko hata huyo mzee wa Majengo. Sio kuacha milele, ila asubuhi na mchana kila siku ni nyingi. Na maziwa rudisha. Kalsiamu ya chakula ikikutana na oksaleti tumboni zinashikana huko huko zinatoka chooni, ukiacha maziwa oksaleti inabaki peke yake, inanyonywa, inaenda kwenye figo kukutana na kalsiamu ya kwenye mkojo. Glasi ya maziwa au mtindi pamoja na mlo, sio saa tofauti. Chumvi punguza, maana chumvi inasukuma kalsiamu kwenye mkojo. Na maji, kunywa ya kutosha mpaka ukojoe kama lita 2 na nusu kwa siku, mkojo uwe mweupe mweupe, ukiwa unashinda juani huko shambani ongeza zaidi. Hili la maji ni lako wewe, wa mashine asikusikie.

Kahawa ya soya inategemea unaitengenezaje. Ukichemsha ule unga na kuunywa na mashapo yake umekula soya, hesabu iko pale pale.

Dada, je soya sosi ina faida za soya? Chipsi za hapa kijiweni wanaimwagia sana. Nina figo hatua ya pili na presha. — Sakina, Arusha

Haina. Kijiko kimoja kikubwa kina sodiamu kama miligramu 900, karibu nusu ya siku yako nzima, na protini yake haifiki hata gramu 2. Mwambie muuza chipsi asiweke, na chumvi aweke pembeni ujiwekee mwenyewe. Na zile chumvi mbadala za kopo wanazouza kwa watu wa presha usinunue bila kumwonyesha daktari lebo, nyingi zimetengenezwa kwa potasiamu kloraidi.

Hatua ya pili bado una nafasi kubwa, na mlo wako hauhitaji kubanwa protini kama wa mzee wa juu, maharage kula, soya kula, nyama isiwe kila siku. Presha ndo ipime. Kama mashine ya nyumbani hauna, maduka mengi ya dawa pale Sakina wanapima, nenda asubuhi kabla ya chai, andika namba kwenye daftari na tarehe, upeleke kliniki ijayo.